Tembo wa Mapipa, Simba wa Minyororo

Sanamu za wanyama zinazoundwa kwa chuma chakavu, yaani vipande vya vyombo na mashine zilizokwisha kutumika, ni miongoni mwa kazi za sanaa zilizoitambulisha Kenya ng'ambo, ingawa wengi wanaozistaajabia katika bustani za hoteli hawakumbuki kwamba chimbuko lake ni karakana za jua kali, ambamo mafundi hujiajiri kwa mtaji mdogo na mara nyingi bila paa. Katika mitaa ya kipato cha chini kama Dallas mjini Embu, mnyororo wa bodaboda uliolegea au springi ya matatu iliyovunjika si taka, bali ni mali inayouzwa kwa kilo. Na ufundi wenyewe si mgeni huko, kwa kuwa kabla ya ukoloni wahunzi wa jamii za Mlima Kenya waliyeyusha mchanga mweusi wenye madini ya chuma na kufua mikuki na simi.

Msanii anayetajwa zaidi katika fani hii ni Kioko Mwitiki, aliyepitia Chuo Kikuu cha Kenyatta katika miaka ya 1980, akajifunza kazi katika karakana ya kuchomelea vyuma, na ambaye tembo wake wenye ukubwa wa tembo halisi wamefika hadi katika bustani ya wanyama ya San Diego, Marekani.

Tembo wa namna hiyo huanza na kiunzi cha nondo, ambacho ndicho mifupa yake, na hapo ndipo kazi hufaulu au huharibika, kwa sababu mguu ukiwekwa mahali ambapo mnyama hai asingeuegemea, hakuna pambo la juu litakaloficha kosa hilo. Ngozi hutokana na mapipa ya mafuta: pipa la lita 200 likipasuliwa ubavuni na kukunjuliwa hutoa bamba lenye urefu wa karibu mita 1.8, ambalo hukatwa viraka, hugongwa kwa nyundo hadi lipate mikunjo, kisha huunganishwa kwa kuchomelea, yaani kwa mkondo wa umeme unaoruka kati ya fimbo ya chuma na kiungo na kuviyeyusha vyote viwili vishikane. Simba hudai vipande vingine kabisa: minyororo ya baiskeli iliyopangwa safu juu ya safu huwa manyoya ya shingoni, na beringi huwa jicho.

Si kila chuma kinachofaa, na ujuzi wa kuchagua ndio unaomtofautisha fundi mkongwe na mwanagenzi. Chuma cha kumimina, kinachopatikana katika bloku za injini kuukuu, kina kaboni nyingi na hupasuka kinapopoa baada ya kuchomelewa. Mabati ya kuezekea yamepakwa zinki, ambayo ikiungua hutoa moshi unaomtia fundi homa. Na pipa lililowahi kubeba petroli linaweza kulipuka likiguswa na moto kabla ya kuoshwa vizuri, hatari inayostahili kusemwa waziwazi kwa kila kijana anayeanza.

Kuna pia suala la asili ya chuma chenyewe. Tarehe 11 Januari 2022 minara ya njia ya umeme kutoka Kiambere, bwawa lililo mpakani mwa Kaunti ya Embu, hadi Embakasi ilianguka, sehemu kubwa ya nchi ikakosa umeme, uharibifu wa makusudi ukalaumiwa, na siku chache baadaye serikali ikapiga marufuku biashara ya chuma chakavu, ambayo ilikuwa tayari imewekewa masharti ya leseni na sheria ya mwaka 2015. Marufuku hayo yaliondolewa mwaka huohuo, lakini kwa muda yalimbana hata fundi mwaminifu anayenunua kilo chache tu.

Vyuo vya ufundi vya vijijini, ambavyo Katiba ya 2010 iliviweka chini ya serikali za kaunti, ni mahali ambapo kijana hujifunza kuchomelea mageti na madirisha, na kijana wa Dallas mwenye mafunzo hayo amekwisha kupata nusu ya anachohitaji. Nusu nyingine, ile ya kumtazama mnyama hadi aelewe jinsi uzito wake unavyohama kutoka mguu hadi mguu, ingefaa ifundishwe katika Hifadhi ya Mwea, iliyo katika Kaunti ya Embu na yenye tembo walio hai.