Mguu Upumzike, Mwili Ufanye Kazi

Hapa Likasi ukivunjika mguu unageuzwa chifu. Kiti cha mikono kinatolewa barazani, bukari na sombe vinakufuata hapo ulipo, na mtoto anatumwa chumbani akuletee hata miwani. Mashemeji zangu walinikataza kunyanyua kikombe cha chai. Huo ni upendo mtupu, sina neno nao, lakini mfupa unahitaji utulivu na mwili mzima hauhitaji.

Mimi ni fundi wa kulehemu. Yaliyonipata yalitokea kwenye moja ya makorongo ya mtaa wa Kikula, yale ambayo mvua za Novemba huyachimba upya kila mwaka. Mguu wa kushoto ulipinda kwa ndani, nikasikia mlio upande wa nje wa unyayo. Kituoni daktari aliniomba nitembee hatua nne, nikashindwa. Akabonyeza mfupa ulio nyuma ya kidole kidogo, nikapiga kelele. Vipimo hivyo viwili vimo katika kanuni iliyotungwa Ottawa, Kanada, na kutangazwa mwaka 1992, ili kujua nani anahitaji kupigwa picha na nani ameteguka tu. Picha ilithibitisha: mfupa ulikuwa umekatika.

Mfupa huo umewaangusha wakubwa. Robert Jones, daktari mpasuaji wa Liverpool, aliumia hapo akicheza dansi, na mwaka 1902 akaandika juu ya mvunjiko unaoitwa kwa jina lake hadi leo. Neymar alivunjika mfupa wa kidole hicho hicho Februari 2018, akapasuliwa, akarudi uwanjani Juni 3 dhidi ya Kroatia na kufunga bao. Mechi yenyewe ilichezwa Liverpool, kana kwamba mzee Jones ndiye aliyemwalika. Januari 2019 mguu ule ule ukaumia tena mahali pale pale. Kuna sehemu ya mfupa huo inayopata damu kidogo, kwa hiyo huchelewa kuunga. Ndiyo maana nilipewa plasta, magongo, na amri ya kutokanyaga kwa wiki 6.

Aliyenizuia nisiozee kitini ni mama mmoja, kiné, yaani mtaalamu wa mazoezi ya viungo. "Papa," aliniambia, "plasta imefunga unyayo. Mikono imefungwa na nani?"

Alianza na mguu mzima. Niliketi kwenye kiti cha mbao (cha plastiki alikikataa), nikashika meza, nikasimama kwa mguu wa kulia peke yake na kukaa taratibu, tena na tena hadi paja likawaka moto. Nilidhani ananichosha bure. Kumbe jambo hilo lilionekana zamani: mwaka 1894, katika Chuo Kikuu cha Yale, Marekani, Edward Scripture na wenzake waligundua kuwa ukiuzoeza mkono mmoja kubana kwa nguvu, wa pili usiofanya lolote nao huongezeka nguvu. Mishipa ya fahamu na ubongo hujifunza kwa pande zote mbili. Kwa mwenye plasta maana yake ni hii: ukiufanyisha kazi mguu mzima, ule uliofungwa haupotezi nguvu nyingi kama ambavyo ungepoteza usipofanya hivyo.

Baada ya hapo ilikuja zamu ya bidoni za maji za lita 5, kuzipandisha juu ya kichwa nikiwa nimeketi. Nikilala chali, niliunyoosha mguu wenye plasta na kuuinua ili paja lisinyauke. Vidole nilivichezesha mara kwa mara, damu itembee. Kwa ajili ya moyo nilirusha ngumi hewani huku rumba ikilia redioni, hadi shati likalowa. Wajukuu walicheka sana.

Plasta ilipoondolewa, shavu la mguu lilikuwa limekonda vibaya. Hapo kinga, yaani baiskeli, ilinifaa: niliisimamisha kwenye stendi, gurudumu la nyuma likiwa hewani, nikakanyaga pedali kwa kisigino kwanza. Uzito wa mwili unabaki kwenye kiti, mguu unazunguka tu. Baadaye nikawa nasimama kwa mguu mmoja karibu na ukuta wakati wa kupiga mswaki, maana kifundo kilichoumia husahau kushika mizani. Kipimo chetu kilikuwa asubuhi iliyofuata: mguu ukiamka umevimba, kazi ya jana ilizidi, punguza.

Jirani alitaka kunikanda kwa maji ya moto na kuuvuta mguu. Misuli iliyochoka ikande, mfupa uliovunjika usiuguse. Na kuna mambo ya kukukimbiza hospitali siku hiyo hiyo: vidole kuwa vya bluu au kufa ganzi ndani ya plasta, shavu la mguu kuvimba na kuuma, kifua kubana na pumzi kukatika. Damu iliyoganda mguuni inaweza kupanda hadi mapafuni ikaua. Mwenye kisukari asianze zoezi lolote la mguu bila daktari.

Sombe na ndagala endeleeni kuleta, mfupa unavihitaji. Sigara acheni nyumbani, inachelewesha mfupa kuunga. Na ninyi mnaomsindikiza mgonjwa kufungwa plasta, kabla hamjatafuta pikipiki ya kumrudisha, ulizeni kiné anakaa mlango gani.