Kuulinganisha Ubeti na Uliotangulia: Hifadhidata katika Uhakiki wa Utenzi

Utenzi wa kimapokeo hutambulika kwa kina cha bahari. Mishororo mitatu ya kwanza ya kila ubeti hukubaliana kwa vina, nao wa nne hubeba kina kimoja kinachoziunganisha beti zote hadi tamati. Anayetaka kujua ni wapi kina hiki kimevunjika hana budi kuulinganisha kila ubeti na uliotangulia. Makala haya yanaeleza namna kazi hiyo inavyofanywa katika programu ya Microsoft Access.

Tuchukulie kuwa tuna jedwali liitwalo Beti, ambamo kila ubeti una safu mlalo yake yenye Nambari na silabi ya Bahari. Ieleweke kwamba jedwali la hifadhidata halina mpangilio wa asili. Pasipo nambari, neno "uliotangulia" halina maana humo. Hoji, yaani swali tunaloiuliza hifadhidata, huliita jedwali hilo mara mbili kwa majina mawili, kisha huuweka kila ubeti kando ya mtangulizi wake:

SELECT a.Nambari, a.Bahari, b.Bahari
FROM Beti AS a LEFT JOIN Beti AS b
ON a.Nambari = b.Nambari + 1
ORDER BY a.Nambari;

Matokeo yasomwe kwa uangalifu. Kwanza, ubeti mmoja uliokengeuka huleta tofauti mbili: katika ubeti wa 57, kina kinapobadilika, na katika wa 58, kinaporejea. Ukengeushi huo ni mmoja tu.

Pili, ubeti wa kwanza hauna mtangulizi, hivyo nafasi ya mtangulizi wake hubaki tupu. Kulinganisha silabi na nafasi tupu hakuleti jibu la ndiyo wala la. Hapa ndipo penye mtego. Iwapo ubeti wa 41 umepotea katika muswada, ule wa 42 nao hukosa mtangulizi. Tukiagiza tofauti pekee zionyeshwe, ubeti huo utaachwa kimyakimya, hata kama kina chake ni kingine.

Kwa hivyo, nafasi tupu zihesabiwe kwanza: zikizidi moja, kuna pengo. Aidha, nambari zisipangwe upya ili zifuatane, kwani pengo litafichika. Kina kinapobadilika, huenda chanzo ni mtunzi, mnakili au sisi wenyewe tulioingiza data. Kabla ya kumlaumu mtunzi, sharti tuurejelee muswada.