"Mfariji" kama Lilivyotumika

Mwalimu, mpe mtahiniwa wa Kibwezi neno "mfariji" naye hatasita: ataandika "Roho Mtakatifu". Si ajabu. Wamisheni wa Kiskoti walipiga kambi Kibwezi mwaka wa 1891, na ingawa walihamia Kikuyu mwaka wa 1898, msamiati wa kanisa umezama katika Kiswahili cha Ukambani, hasa kile cha matangani. Lakini swali la ushairi huuliza maana ya neno kama lilivyotumika, na hapo ndipo alama hupotea.

Tuanze na asili. Faraja ni neno la Kiarabu, na mzizi wake unahusu mwanya, kufunguka kwa palipobana. Ndiyo maana wahenga waliitanguliza dhiki: baada ya dhiki faraja. Kubembeleza kwa maneno matamu ni kuliwaza. Mfariji humtoa mtu katika dhiki.

Sasa Ukristo. Katika Injili ya Yohana, sura ya 14 hadi 16, limo neno la Kigiriki parakletos, yaani aliyeitwa asimame kando ya mtu, hata mbele ya hakimu. Biblia ya Union Version (1952) inalitafsiri "Msaidizi". Katika Waraka wa Kwanza wa Yohana 2:1, neno lilo hilo limekuwa "Mwombezi", na anayetajwa hapo ni Yesu. (Kwa maoni yangu Mwombezi ndilo lililohifadhi zaidi sura ya mahakama.) "Mfariji" tunalisikia zaidi katika sala na nyimbo.

Kwa hiyo, mtahiniwa, tazama kitendo kwanza. Tuseme mjane anayenyang'anywa shamba analia hivi: "Mfariji wangu, simama nami mbele ya wazee." Ukijibu "anayewaliwaza waliofiwa", umelikosa shairi, mjane anataka mtetezi. Wala herufi kubwa isikuhadae, kwani mishororo mingi huanza nayo. Huenda anayeitwa ni Mungu, huenda ni kaka yake. Beti zinazofuata ndizo zitakazoamua.

Tena wapo wafariji wa kuogopwa. Rafiki za Ayubu walikwenda kumfariji wakaishia kumshtaki. Mwandishi akimwita mhusika mfariji ilhali anamwongezea mwenzake mzigo, hicho ni kinaya. Kitaje kwa jina, kisha utoe mfano wa tendo lake kutoka katika matini.