Mkasi wa Kabla ya Masika

Kuta nyingi za Dar es Salaam, Tanga na Mombasa zimefunikwa na bogenvilia zisizotoa ua hata moja. Wenye nyumba hulaumu udongo, wakaongeza mbolea na kumwagilia asubuhi na jioni. Udongo hauna kosa. Bogenvilia huchanua kwenye matawi machanga, na mkasi unaopita kila wiki kusawazisha ua huyaondoa matawi hayo kabla hayajakomaa.

Mmea huu asili yake ni Amerika ya Kusini. Mtaalamu wa mimea Philibert Commerson, aliyekuwa katika msafara wa Louis Antoine de Bougainville, aliukuta Rio de Janeiro mwaka 1767. Ukame kidogo ndio unaouchochea kuchanua. Maji mengi na mbolea ya yurea huuzidishia majani tu.

Kwa hiyo pogoa kwa nguvu mara moja, mwishoni mwa Februari au mwanzoni mwa Machi. Ondoa matawi makavu na yanayosongamana ndani, kisha yaliyobaki yafupishe kwa theluthi moja, kila moja ukilikata juu kidogo ya jicho linalotazama nje. Masika ikinyesha, mmea utachipua kwa fujo, na hapo ndipo wengi hushindwa kuvumilia. Uache! Ua uliovurugika mwezi Mei ndio utakaowaka rangi Juni na Julai, mvua zikishakatika. Maua yakipukutika, punguza ncha kidogo tu, nao utachanua tena baada ya vuli.

Mwasumini nao huchanua kwenye vitawi vipya. Wanaochuma matumba yake alasiri kwa ajili ya vikuba wanajua kwamba usipopunguzwa hurefuka ukawa kamba tupu. Mawaridi hufuata hesabu hiyohiyo: ukikata leo, ua hurudi baada ya wiki 7 au 8, kutegemea aina na baridi. Ndiyo maana wakulima wa Naivasha hukata Desemba wakiilenga Februari 14.

Haidranjia za Limuru na Lushoto ni kinyume. Hizo hutunga matumba mapema kwenye matawi yaliyokomaa, kwa hiyo zipogolewe mara tu maua yanapokauka. Ukichelewa, umekata maua ya msimu ujao.

Oleanda ishughulikie kwa glavu. Kila sehemu yake ni sumu: usiwape mbuzi matawi yake, wala usiyachome, kwani hata moshi wake unadhuru. Yazike.