Utitiri wa Masikio kwa Mbwa na Paka: Tiba ya Nyumbani na Mipaka Yake

Katika vilima vya Heru Juu, wilayani Kasulu, mbwa hulinda mbuzi na nyumba, naye paka hulinda mahindi na maharage dhidi ya panya. Usiku wa nyanda za juu ni wa baridi, na wanyama hawa hulala jikoni, karibu na watoto. Mmoja wao anapoanza kujikuna sikio na kutikisa kichwa usiku kucha, mwenye nyumba hushika kilichopo karibu: mafuta ya taa, maji ya tumbaku, au dawa ya kuogeshea ng'ombe. Hapo ndipo madhara makubwa kuliko ugonjwa wenyewe huanza.

Utitiri wa masikio, ambao kwa jina la kitaalamu huitwa Otodectes cynotis, ni mdudu wa miguu minane asiyefikia nusu milimita. Haupenyi ndani ya ngozi kama vijidudu vya upele. Huishi juu yake, ndani ya tundu la sikio, na kuifanya iwashe sana. Kutoka yai hadi mdudu mzima hupita takriban wiki 3. Dawa nyingi huua wadudu lakini huyaacha mayai, kwa hiyo anayekatiza tiba siku ya tano kwa kuwa mnyama ametulia, mwezi unaofuata ataanza upya.

Dalili kuu ni nta nyeusi ya chengachenga, mfano wa unga wa kahawa, na wakulima wa kahawa wa Kasulu hawatakosea kuitambua. Ipakaze kidogo kwenye kitambaa cheusi, uitazame juani: vinukta vyeupe vinavyotembea ndio utitiri wenyewe. Lakini sikio likitoa usaha na harufu mbaya, au mnyama akiinamisha kichwa upande mmoja na kuyumba, huenda ngoma ya sikio imetoboka. Usitie chochote; mwite afisa mifugo.

Kwa sikio lisilo na dalili hizo, mafuta ya alizeti yaliyopashwa joto la mkono yanafaa. Tia matone machache, kanda shina la sikio kwa dakika moja, mwache mnyama atikise kichwa, kisha futa kwa kitambaa safi sehemu unayoiona tu. Kijiti kisiingizwe. (Mawese, ingawa ni fahari ya Kigoma, huganda kwa baridi ya huku.) Mafuta hulainisha nta na kuwasonga wadudu, lakini ni kazi ya siku nyingi, na mara nyingi hayamalizi ugonjwa bila dawa.

Dawa inayotumika sana ni ivamektini, ambayo binadamu hupewa dhidi ya usubi na matende. Kosa liko katika kipimo. Sindano ya ng'ombe ya asilimia 1 ina miligramu 10 katika kila mililita. Kwa kipimo cha miligramu 0.2 kwa kilo, mbwa wa kilo 10 huhitaji mililita 0.2 tu, anayekisia mililita 2 amempa mara kumi, na mbwa huyo aweza kupofuka, kuzimia au kufa. Watoto wa mbwa na wa paka wako hatarini zaidi. Kwa hiyo sindano ni kazi ya afisa mifugo, naye awatibu wanyama wote wa nyumba pamoja, kwa kuwa utitiri huhama kwa kugusana. Dawa za josho zisitumike kabisa: paka hawezi kuivunjavunja pemethrini mwilini na hufa kwa mitetemeko, amitrazi hulegeza moyo na fahamu, za mnyama na za mtoto anayemkumbatia.

Je, utitiri huu humwambukiza binadamu? Ni nadra mno. Daktari wa mifugo wa Marekani, Robert Lopez, aliutia kwa makusudi sikioni mwake kutoka kwa paka, akasimulia mwaka 1993 jinsi alivyousikia ukitembea na kukwaruza usiku. Nasi hatushauri kumwiga. Mtoto anayeumwa sikio apelekwe zahanati. Mafuta ya taa hayana nafasi hata kwake.

Jambo ninalolihofia zaidi ni meno. Sikio linalouma humfanya hata mbwa mpole aume, na mbwa aliyebadilika ghafla, anayetokwa na mate, kupooza taya au kuuma ovyo, huenda ana kichaa cha mbwa wala si utitiri, huyo asishikwe. Aliyeumwa au kukwaruzwa na mbwa au paka aoshe jeraha kwa maji mengi na sabuni kwa dakika 15, kisha aende kituo cha afya siku hiyo hiyo kwa ajili ya chanjo. Dalili za kichaa zikishajitokeza kwa binadamu, karibu hakuna anayepona. Kwa hiyo kabla ya kugusa sikio, uliza kama mbwa amechanjwa mwaka huu, mfunge mdomo kwa kitambaa, na kazi ifanywe na watu wazima wawili, mmoja akishika kichwa. Watoto wabaki nje.