MENO YENYE MADOA: CHAGUA MATENGENEZO KWA AKILI

Katika Bonde la Ufa, toka Baringo na Nakuru hata Elementaita na Naivasha, wako watu wengi ambao meno yao yana madoa meupe kama chokaa, au ya rangi ya kahawia. Wengi wao hupiga mswaki kila siku, lakini kwa kuogopa macho ya watu hucheka hali wamefunika mdomo kwa kiganja. Vijana waendao kutafuta kazi za ofisini huona haya zaidi, na kwa ajili ya haya hiyo wengine huyasugua meno yao kwa mchanga au asidi hata wakayaharibu kabisa. Kwa hiyo yafaa kila mtu ajue asili ya madoa hayo, na matengenezo yaliyopo, kabla hajatoa fedha yake.

Asili yake si uchafu wala laana. Ni madini yaitwayo floridi, ambayo hutoka katika mawe ya volkeno na kuingia katika maji, hasa maji ya visima virefu. Daktari wa meno Frederick McKay alianza kuyachunguza madoa ya namna hii huko Colorado, Marekani, mwaka 1901, lakini sababu yake haikujulikana mpaka mwaka 1931. Floridi kidogo huimarisha meno. Ikizidi huyatia dosari. Shirika la Afya Duniani limeweka mpaka wa miligramu 1.5 katika lita moja ya maji ya kunywa. Mtoto anywaye maji yenye floridi nyingi kabla hajatimiza miaka minane hivi ndiye apatwaye, maana wakati huo meno yake ya ukubwani yangali yakiundwa ndani ya ufizi.

Sasa tuyatazame matengenezo, tukianza na yale yasiyopunguza jino.

La kwanza ni kusafishwa na daktari. Kazi hii huondoa ukoga mgumu na rangi ya chai na tumbaku. Haiondoi doa la floridi, lakini huonyesha ni lipi doa la kweli na lipi uchafu tu.

La pili ni kung'arisha kwa dawa ya peroksaidi. Hii huyafanya meno ya manjano kuwa meupe, na doa hafifu lisionekane sana. Meno huweza kushtuka kwa maji baridi siku chache, na weupe wenyewe hupungua baada ya muda. Tena dawa hii haigeuzi rangi ya jino la bandia.

La tatu ni kupiga msasa. Daktari hupaka asidi iliyopimwa pamoja na unga wa kusugulia, akaondoa sehemu ndogo sana ya juu. Hufaa kwa doa lisilokwenda ndani. Asidi hiyo huweza kuunguza ufizi na macho, kwa hiyo usikubali kufanyiwa kazi hii na mtu wa sokoni.

La nne ni kupakwa kijazio chenye rangi ya jino, ambacho hukaushwa kwa taa maalum. Mara nyingi jino halichongwi sana, na kijazio kikimeguka hutengenezeka. Lakini hushika rangi ya chai na sigara, na baada ya miaka kadhaa hutaka kufanywa upya.

La tano ni kubandikwa kipande chembamba cha kauri. Hupendeza sana na hudumu, lakini bei yake ni kubwa, na mara nyingi ganda la jino huchongwa kadiri ya nusu milimita. Ganda hilo halioti tena. Kipande kikichakaa hapana budi kuweka kingine.

La sita ni kuvika jino kofia. Jino huchongwa pande zote, kwa hiyo kofia hufaa jino lililooza sana au kumeguka. Si busara kulichonga hivyo jino zima kwa sababu ya doa tu.

Basi kanuni ni hii: anza na lile lipunguzalo jino kidogo kabisa, na usiende kwenye la pili ila la kwanza likishindwa. Muulize daktari maswali manne. Jino langu litachongwa kiasi gani? Kazi hii itadumu miaka mingapi? Kuitengeneza tena kutagharimu nini? Na je, nisipofanya lolote itakuwaje? Doa jepesi halileti maumivu wala halimzuii mtu kutafuna, na anayeridhika nalo hana hasara. Lakini ganda la jino likianza kubomoka, usikawie. Hakikisha pia ya kuwa daktari huyo ameandikishwa kisheria.

Mwisho, wazazi wasisahau watoto. Kuchemsha maji hakutoi floridi. Maji yakipungua katika sufuria, floridi iliyobaki huwa kali zaidi. Huko Nakuru hutumika machujio ya mkaa wa mifupa, na maji ya mvua yaliyokingwa vizuri pia hufaa. Magadi ya kulainishia maharagwe nayo huweza kuwa na floridi, basi yasizidishwe. Pipa la kukingia mvua likiwekwa leo, mtoto ajaye hatakuwa na haja ya kufunika mdomo wake.