Kutoka Kasoko hadi Mazuku: Volkano ya Nyiragongo na Athari Zake kwa Wakazi wa Goma

Mlima Nyiragongo, wenye kimo cha mita 3,470, upo mashariki mwa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, kaskazini mwa mji wa Goma. Makala haya yanafafanua jinsi volkano hii ilivyotokea, inavyolipuka, na kwa nini hatari yake haikomi lava inapoganda.

Nyiragongo imo katika tawi la magharibi la Bonde la Ufa. Humo, ganda la dunia huvutwa pande mbili na kuwa jembamba. Kwa sababu hiyo, mgandamizo juu ya miamba yenye joto kali iliyo chini yake hupungua, na sehemu ya miamba hiyo huyeyuka kuwa magma. Magma, ikiwa nyepesi kuliko miamba iliyoizunguka, hupanda; inapokaribia uso wa dunia, gesi zilizomo hutoka kama povu na kuisukuma zaidi.

Lava ya Nyiragongo ina silika kidogo, hivyo hutiririka kwa wepesi. Kwa miaka mingi imetuama ndani ya kasoko mithili ya ziwa. Hata hivyo, maafa hayakutokana na kufurika kwa ziwa hilo, bali na kupasuka kwa ubavu wa mlima. Tarehe 10 Januari 1977, ziwa hilo lilimwagika lote kupitia nyufa kwa muda usiozidi saa moja. Tarehe 17 Januari 2002, lava ilipita katikati ya Goma hadi Ziwa Kivu. Nyufa zilifunguka tena tarehe 22 Mei 2021.

Athari nyingine haionekani kwa macho. Gesi ya kaboni dayoksaidi hupenya kutoka ardhini hata mlima unapokuwa umetulia. Kwa kuwa ni nzito kuliko hewa, hujikusanya mashimoni na mabondeni, hasa usiku usio na upepo. Haina rangi wala harufu. Mtoto anayecheza shimoni anaweza kufa ilhali mtu mzima aliyesimama kando hahisi lolote. Wenyeji huiita mazuku, na watafiti wa volkano wa mataifa mengine wamelichukua neno hilo katika maandishi yao.

Kwa hiyo, maarifa kuhusu hatari hii yalikuwa yamehifadhiwa tayari katika Kiswahili cha wenyeji. Vipimo vya matetemeko na gesi vitaokoa maisha zaidi iwapo onyo litatolewa kwa maneno ambayo mkazi wa Goma anayafahamu.